Njoroge Alingoja Nini?

Wengi husoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o kama riwaya ya ardhi na Mau Mau. Sawa, ni hiyo. Lakini mimi nikiisoma naona kitabu kizima kimejaa watu wanaongoja. Ngotho analima shamba la Howlands, shamba lililokuwa la wazee wake, akingoja unabii kwamba Mzungu ataondoka. Mwanawe Boro, aliyerudi kutoka vitani, hawezi kumwelewa mzee wa kungoja tu. Na Njoroge, kijana wa shule, anamngoja Mungu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo hii ngoja-ngoja naijua. Vumilia, wakati wa Mungu ndio bora. Si neno baya. Shida ni kwamba mara nyingi anayekwambia hivyo ameshakula.

Usomaji tuliozoea unasema imani ya Njoroge inavunjika kwa sababu Ukristo ulikuwa ndoto ya mkoloni, basi. Na maisha ya Ngũgĩ mwenyewe yanausukuma usomaji huo: mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano wa Wapresbiteri akatangaza kwamba yeye si Mkristo, kisha akaliacha jina la James, lile lililokuwa kwenye jalada la 1964. Lakini kijana aliyeiandika riwaya hii akiwa Makerere alikuwa bado James, na nadhani alikuwa anauliza swali gumu zaidi.

Mtazame mwalimu Isaka. Ameokoka, anatembea na waumini wenzake, wanajeshi wanawasimamisha na yeye hana karatasi zake. Anapelekwa kichakani. Wanaobaki barabarani wanasikia risasi. Ngũgĩ hamdhihaki Isaka hata kidogo. Anamwacha na utulivu wake mbele ya wanajeshi, na mimi sijui mhubiri yeyote anayeweza kuifanyia mahubiri sura hiyo bila kuipunguza.

Njoroge ni mtu mwingine. Imani yake ni kama hesabu: Mungu ukijumlisha na elimu, jibu ni wokovu wa kijiji, na yeye mwenyewe ndiye mwokozi. Akitolewa Siriana, hesabu imekataa. Anaishia kuuza katika duka la Mhindi, na hapo pia anafukuzwa. Ndipo anamwendea Mwihaki na kumwomba watorokee Uganda.

Hapa ndipo riwaya inaponishika. Miaka yote Njoroge ndiye aliyekuwa akimwambia Mwihaki kwamba jua litachomoza kesho. Sasa Mwihaki, ambaye baba yake ameuawa, na aliyemuua ni ndugu ya Njoroge, anamrudishia maneno hayohayo: tungoje. Njoroge hataki kusikia, ati hiyo yote ilikuwa ndoto. Kwani nani ana imani hapo? Mwihaki ana mama wa kutunza nyumbani. Kungoja kwake kuna kazi ndani yake, kuna kuamka asubuhi. Njoroge alikuwa anangoja kulipwa.

Kisha kamba, na mti. Nyokabi anatoka gizani kumtafuta mwanawe, wakati wa Hali ya Hatari, mkononi kijinga cha moto tu cha kumulikia njia. Hana hotuba. Wanakwenda nyumbani, na Njoroge, huku sauti ndani yake ikimwita mwoga, anatangulia mbio kuwafungulia mlango mama zake wawili.

Lawama yangu kwa Ngũgĩ iko hapo. Tunajua kila ndoto ya Njoroge, sura baada ya sura, mpaka tunachoka nazo. Ya Nyokabi hatupewi. Mume amekufa kwa mateso, vijana wako kizuizini au wanangoja kunyongwa, na mama huyu ametoka usiku na moto wake. Alikuwa anaomba? Kwa mungu yupi, wa Isaka au wa Mlima Kenya? Ningeisoma sura hiyo hata leo usiku.