Kinyago cha Abamon: Jina Lisilotafsirika katika Jibu la Iamblichus kwa Porphyry

Porphyry wa Tyre alimwandikia barua kuhani wa Misri aitwaye Anebo, akihoji jinsi miungu wasioguswa na hisia wanavyoweza kuitwa na kuamrishwa na binadamu. Iamblichus wa Chalcis, Syria (aliyefariki takriban mwaka 325), alijibu, lakini si kwa jina lake: anajitokeza kama Abamon, mwalimu wa Anebo. Kinyago hicho si pambo la kifasihi tu. Ni sehemu ya hoja yenyewe.

Hoja hiyo inahusu theurujia, yaani kazi ya kimungu. Kuiita uchawi kungekuwa kukata shauri kabla ya utetezi kusikilizwa. Kwa Abamon, mwito hauwashushi miungu. Wao wenyewe, kwa hiari yao, huiangaza nafsi na kuinyanyua. Wala fikra pekee hazimuunganishi mtu nao. Muungano hutokana na matendo na alama zisizosemeka, zinazofanya kazi hata pale akili isipozielewa. Ndiyo maana majina ya kigeni yanayotamkwa katika ibada hayapaswi kutafsiriwa: hayakutokana na makubaliano ya watu, na yakihamishiwa lugha nyingine hupoteza nguvu.

Kauli kama hiyo inahitaji msemaji anayeonekana kupokea, si kubuni. Kuhani anafaa kuliko mwanafalsafa. Hata hivyo, Abamon anayatetea majina hayo kwa Kigiriki na kwa istilahi za Plato. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba vitabu vinavyonasibishwa na Hermes vilitafsiriwa kutoka Kimisri na watu waliokuwa na ujuzi wa falsafa, hivyo vikabeba lugha ya wanafalsafa. Mgongano huu unapungua iwapo maelezo ya ibada yatatofautishwa na ibada: maelezo hutafsirika, jina halitafsiriki.

Lakini tofauti hiyo inazua swali zito zaidi. Ikiwa nguvu ya jina haipimwi kwa maana yake, jina la kweli litatenganishwaje na maneno ya laghai? Jibu la Abamon linaegemea ukale na mapokeo ya makuhani. Mapokeo hayo, ndani ya matini, yanawakilishwa na sauti ya Abamon, ambayo Iamblichus ameibuni. Shahidi mkuu wa hekima isiyobuniwa ni mhusika wa kubuni. Hapo ndipo shaka ya Porphyry inapobaki hai.