Sifa Zisizo na Habari

Miaka hii vimetokea vitabu vingi vya kuwatukuza wataalamu wa sayansi, na vilivyo vingi vimeandikwa kwa ajili ya watoto. Hapa Levolosi mtoto akipewa kimoja hukimaliza kwa usiku mmoja, maana picha ni nzuri na maneno ni machache. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya desturi moja niliyoiona ikirudiwa kitabu baada ya kitabu: kadiri sifa za mtu zinavyoongezwa, ndivyo kazi yake inavyofichwa, na ndivyo majina ya waliokuwa pamoja naye yanavyopotea.

Mfano ulio karibu nasi ni Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, miaka 65 tangu alipokanyaga Gombe mara ya kwanza. Mwaka wa 2011 Patrick McDonnell wa Marekani alitoa Me… Jane, kitabu cha picha kilichopata heshima kubwa kwao. Chasimulia utoto wa Jane huko Uingereza: msichana na mwanasesere wake wa sokwe aitwaye Jubilee, akipanda mti, akijificha bandani ili aone yai linavyotoka kwa kuku, akiota kuishi Afrika. Kisha aamka, na ndoto imekuwa kweli. Michoro ni ya upole, na ile habari ya kuku yafaa kuliko hotuba nzima juu ya uchunguzi. Walakini tazama mahali kitabu kilipokomea. Kimekoma pale kazi ilipoanza. Baina ya kitanda cha Uingereza na msitu wa Kigoma hapana safari, hapana homa, hapana mtu. Afrika ni mahali pa kuamkia tu.

Sasa fungua kitabu alichokiandika mwenyewe mwaka wa 1971, In the Shadow of Man. Mara msomaji akutana na watu. Yumo mama yake, Vanne, kwani wakubwa wa serikali ya wakati ule hawakukubali msichana akae porini peke yake. Wamo Adolf na Rashidi, waliofuatana naye katika milima ile. Yumo Dominic, mpishi. Siku nyingi za mwanzo sokwe walimkimbia, wala hakuficha jinsi alivyohuzunika. Kisha atokea yule dume mwenye ndevu za kijivu, David Greybeard, ambaye mwaka wa 1960 alionekana akichomeka majani katika kichuguu ili avue mchwa. Huyo ndiye aliyetangulia kuingia kambini, kula chikichi. Nani alimwona siku ile? Si Jane, yeye alikuwa milimani. Aliyemwona ni Dominic, naye ndiye aliyempa habari aliporudi. Hivyo urafiki ulioleta elimu kubwa ulitangazwa kwanza na mtu wa jikoni. Nathubutu kusema jambo hilo halimpunguzii bibi yule heshima hata chembe, maana aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Waliolifuta ni wanaomsifu.

Mtu ataniambia kwamba kitabu cha mtoto ni kifupi, na majina yote hayaenei. Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Lakini ufupi haukumzuia Erasto Mpemba. Mwaka wa 1969, pamoja na Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha katika jarida la Uingereza la elimu ya fizikia makala ya kurasa chache tu. Sehemu yake aliisimulia kama mtu aketiye barazani: jinsi mwaka wa 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, alivyokuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, jinsi nafasi ya jokofu ilivyogombewa, jinsi alivyotia maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akauliza tena, akadhihakiwa. Osborne alipoitembelea shule, aliuliza mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne naye aeleza kwamba fundi wa maabara alipopima na kuona maji ya moto yametangulia kuganda, aliahidi kurudia jaribio mpaka jibu lililo sawa lipatikane!

Kicheko hicho cha wanafunzi na kiburi hicho cha fundi ndiyo sayansi yenyewe. Vitabu vya sifa humtaja Mpemba kuwa mvumbuzi, basi. Havisemi kwamba Aristotle alikwisha kuligusa jambo hilo zamani sana, wala kwamba mwaka wa 2016 Burridge na Linden walipima upya na kudai hawakuona ushahidi wa kutosha. Huenda waandishi huogopa kwamba shaka itamvunjia shujaa wao heshima. Mimi naona kinyume. Kijana anayejua kwamba swali lingali wazi aweza kwenda kuchemsha maji mwenyewe.

Wala hatuna haja ya kuazima mfano wa mbali. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alimsifu sana, pengine kupita kiasi, lakini hakuficha umaskini wa Fumba wala vyungu alivyouza.

Kutoka Levolosi mtu aweza kwenda kwa miguu hadi Boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho, akatazama maonyesho ya asili ya binadamu. Mwaka wa 1964, huko Peninj kando ya Ziwa Natron, katika mkoa wetu huuhuu, Kamoya Kimeu aliokota taya la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Mwaka wa 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliokota kipande cha fuvu, na kipande hicho kikawaongoza wenzake kwenye mifupa ya kijana mzima. Mwaka wa 1985 alipewa nishani Marekani. Alifariki mwaka wa 2022. Kitabu cha watoto juu ya mtu huyu ningekinunua leo, hata kisichokuwa na picha, mradi kieleze alivyokuwa akitembea, alivyotazama chini, na rangi gani ya jiwe ilimfanya ainame.