Tuanzie SQ

Ziara ya nyumba mtandaoni ina fomula yake, na sote tumeshaikariri. Geti linajifungua lenyewe. Droni inapaa juu ya miti, muziki mpole unaingia, halafu mwenyeji wetu anasimama sebuleni chini ya dari refu na kutuambia kwamba nyumba hii "inapumua". Tunaonyeshwa paneli za sola, tenki la maji ya mvua lililozikwa chini ya bustani, na kaunta ya jikoni ndefu kuliko keja nzima ya mtu. Video inaisha. Na kama nyumba iko Spring Valley, Kitisuru au Runda, kuna mlango mmoja ambao ni nadra sana kamera iufungue: ule wa SQ.

Utasema nimeanza siasa. Hapana, hii ni hoja ya ujenzi. Nyumba inayojiita ya kijani inadai kwamba mbunifu alifikiria jua, upepo, maji na vifaa kila mahali. Chumba kidogo cha nyuma ndicho kinachopima kama alifikiria kweli, kwa sababu huko hakuna mteja wa kumfurahisha.

Nakiri kwamba nazipenda hizi ziara, hasa za nyumba zilizobuniwa na wanafunzi wa usanifu na vijana wavumbuzi. Mwanafunzi wa usanifu hutumia miaka akichora vitu ambavyo havitajengwa, kwa hivyo kuona wazo lake limesimama, lina mlango na bomba linatoa maji, si jambo dogo. Mwaka 2002 Marekani ilianzisha mashindano yanayoitwa Solar Decathlon: timu za vyuo zinajenga nyumba kamili zinazoendeshwa na jua, na umma unapiga foleni kuzikagua. Mwaka 2019 mashindano hayo yalifika Afrika, katika mji wa Ben Guerir, Moroko. Aina hii ya ziara ilikuwepo kabla ya YouTube kuifanya burudani ya Jumapili jioni.

Tatizo ni kwamba nyumba ya mashindano haina mtu ndani. Hakuna nguo zinazoanikwa, hakuna mtoto anayechora ukutani, hakuna shosho aliyekuja kukaa wiki moja akakaa mwaka. Linganisha na Rural Studio ya Chuo Kikuu cha Auburn, kule Alabama. Tangu 2005 wanafunzi wake wamekuwa wakijiuliza swali moja gumu: nyumba nzuri inaweza kujengwa kwa dola 20,000? Kisha mtu halisi wa kipato cha chini anahamia, na darasa linalofuata linajifunza kutokana na anavyoishi. Hiyo pia ni nyumba ya wanafunzi, lakini mhakiki wake ni mwenye kulala humo.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu neno "kijani" Nairobi linahitaji hesabu yake lenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa gridi yetu unatokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Paneli kwenye paa zitapunguza pesa unazotumia kwa tokeni na zitakuokoa stima ikipotea, sawa kabisa. Lakini sehemu kubwa ya uchafu wa nyumba ya Nairobi ilishaingia hewani kabla hujapewa funguo: kwenye simiti, chuma, alumini na vioo. Ziara ambayo inatumia dakika tano kwenye betri na sekunde tano kwenye ukuta imeangalia mahali ambapo si penyewe.

Na hali ya hewa yetu ni zawadi. Tuko kama digrii moja kusini mwa ikweta, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana liko utosini na paa lililotokeza nje linalizuia. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni, linaloingia chini chini. Refusha nyumba kutoka mashariki hadi magharibi, weka madirisha yatazame kaskazini na kusini, ruhusu hewa ipite, na hutahitaji AC. Julai utavaa sweta, basi. Kwa hivyo ukiona ukuta mzima wa kioo unatazama magharibi "kwa ajili ya machweo", jua kwamba saa kumi jioni sebule hiyo ni tanuri, hata kama paa lake limejaa sola.

Mfano unaostahili heshima zaidi uko Kilifi. Mvule Gardens ni mradi wa nyumba 52 wa 14Trees, kampuni ya Holcim na shirika la uwekezaji la Uingereza, BII. Kuta zinachapwa na mashine, tabaka juu ya tabaka la zege, na kuta za nyumba 10 za kwanza zilisimama ndani ya wiki 10. Mistari ya tabaka imeachwa ionekane ukutani, na huo ni uamuzi wa kiungwana: ukuta unakuonyesha ulivyotengenezwa. Mradi una cheti cha EDGE Advanced, kinachodai angalau asilimia 40 ya nishati iokolewe.

Lakini tuulize. Ukuta ni sehemu moja tu ya nyumba. Msingi, paa, mabomba na taili bado vinamsubiri fundi. Kinachookolewa zaidi ni muda na mikono, katika nchi ambayo vijana wanaamka kumi na moja asubuhi kutafuta mjengo wa siku moja. Na cheti cha aina hii hulinganisha jengo na jengo la kawaida la aina yake. Hakiulizi kama watu wawili walihitaji vyumba vitano vya kulala. Jumba linaweza kufaulu mtihani huo na bado likala simiti ya familia nne.

Hapo ndipo SQ inaingia. Tuliirithi kutoka ukoloni, wakati mitaa ya magharibi ya Nairobi ilikuwa ya Wazungu na Mwafrika alilala huko kama mfanyakazi tu. Jina la chumba limebaki, na mara nyingi hata mahali pake: nyuma, kimebanwa kwenye ukuta wa ploti, kidirisha kimoja, jua la jioni lote. Kuna pia wasiolala huko. Asubuhi na mapema wanatembea kutoka Kangemi wakivuka Waiyaki Way, wametoka kwenye keja za mabati zinazochemka mchana na kuganda usiku. Wao ndio watakaofuta vumbi kwenye zile paneli.

Kwa hivyo ninapotazama ziara siku hizi nauliza mambo ya kawaida sana. Bomba la maji moto ya sola linafika SQ, au linaishia jumba kubwa? Dirisha lake linaona upepo, au linaona ukuta? Hewa ina pa kuingilia na pa kutokea? Na yale maji ya mvua: paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linaweza kukusanya hadi lita 90,000. Nani anayatumia kaunti ikikata maji: nyasi, au mama fua?

Wanafunzi wa UoN na JKUAT wanaosoma hapa wanaweza kufanya lisilofanywa na video zote hizo. Hesabu ya jua, upepo na paa niliyoitaja haibagui ukubwa wa chumba. Inafanya kazi Kangemi kama inavyofanya Spring Valley, na huko faida yake ni kubwa zaidi maana hakuna feni wala hita ya kuficha makosa ya mchoraji. Kwenye mradi wako ujao chora SQ kwanza, uipe upande mzuri wa ploti, halafu jumba kubwa lichukue kilichobaki.