Shukrani na Ukinzani katika Kitabu cha Taadhima: Kirkman wa Gedi na Warithi Wake

Kitabu cha taadhima ni utanzu ambao wahakiki wameupuuza. Wengi huuchukulia kuwa mkusanyo wa makala zilizofungwa pamoja kwa uzi wa adabu tu, na mara nyingi hawakosei. Hata hivyo, toleo la 28 la jarida la Paideuma, lililotoka Ujerumani mwaka 1982 chini ya uhariri wa James de Vere Allen na Thomas Wilson, lastahili kusomwa kwa jicho jingine. Lilikusudiwa kumwadhimisha James Kirkman kwa kutimiza miaka 75.

Kirkman hakuwa profesa wa darasani. Somo lake lilikuwa katika mifukuo na vitabu. Alianza kufukua magofu ya Gedi, jirani na Dabaso, mwaka 1948, na kitabu chake cha 1954 kiliuita mji huo, katika anwani yenyewe, mji wa Waarabu. Wanaomshukuru walichagua anwani inayoanzia Zinj na kuishia Zanzibar. Zinj ni jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliwapa watu weusi wa pwani hii. Safari ya kitabu, basi, yaanzia kwa wenyeji. Mtu aweza kusema ni sadfa. Lakini ndani humo Allen, akijadili suala la Washirazi, aitafuta mizizi ya dhana hiyo Afrika badala ya kuihesabu kuwa kumbukumbu ya wahamiaji wa Uajemi. Mgeni wa heshima apingwa karamuni pake.

Je, huo ni utovu wa shukrani? Jibu limo katika vigae. Licha ya kaure za China alizozitegemea kukadiria tarehe, Kirkman aliviainisha pia vyungu vya kienyeji vya Gedi. Wasomi waliokuja kutetea asili ya Kiafrika ya miji hii waliegemea, pamoja na mengine, ushahidi wa aina hiyohiyo. Walimkana mwalimu kwa kutumia alichowafunza kukitazama, na deni hilo lazidi sifa zozote za dibaji.

Ila taadhima hii ina pengo: yawaenzi wanaoandika, huku waliobeba karai na kuchekecha mchanga wakibaki bila majina. Pengo hilo ni la utanzu mzima.

Allen alifariki mwaka 1990, na kitabu chake kuhusu asili ya Waswahili kikatoka 1993. Gedi ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, UNESCO iliueleza kuwa mji wa Waswahili.