Tusi Lisilo na Neno la Tusi: Tahakiki ya Hukumu ya Bethel dhidi ya Fraser

Aprili 1983, katika jimbo la Washington, Marekani, mwanafunzi Matthew Fraser alimnadi mwenzake aliyewania uongozi wa wanafunzi mbele ya hadhira ya takriban wanafunzi 600. Hotuba yake haikuwa na tusi hata moja. Ilikuwa sitiari iliyofumbia tendo la ndoa. Shule ilimsimamisha masomo kwa siku 3. Mwaka 1986, Mahakama ya Juu iliiunga mkono shule kwa kura 7 dhidi ya 2.

Tatizo la hukumu hiyo ni la kipragmatiki. Kanuni ya shule ilikataza lugha chafu au ishara chafu. Kilichoadhibiwa ni maana iliyodokezwa. Jaji Stevens, aliyepinga, alikumbusha kuwa apizo lililowashtua watu enzi za ujana wake lilikwisha kuwa la kawaida, na kwamba walimu walioiona hotuba mapema walimwonya kijana bila kumtajia kanuni yoyote.

Hata hivyo, fumbo si kinga. Waswahili husema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Katika hadhira ile werevu walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa watoto wa miaka 14. Kwa hiyo wengi wa majaji walikuwa sahihi kuhusu hadhira, lakini walikosea kuhusu kanuni. Shule isiyotenganisha tusi, apizo na fumbo katika kanuni zake humwadhibu mwanafunzi kwa kosa ambalo yenyewe haijalipa jina.