Chozi Ndani ya Mraba: Fani na Maudhui ya Hadithi Fupi za Mapenzi za Picha Nchini Marekani, 1947–1977

Fasihi pendwa imehukumiwa mara nyingi kabla ya kusomwa. Katika mijadala ya uhakiki wa Afrika Mashariki, hasa tangu miaka ya 1970, hadithi ya mapenzi ya bei nafuu imewekwa katika fungu la kasumba: kitu kinachomlevya msomaji, kikamsahaulisha hali yake ya kitabaka, kikamfikisha harusini bila kumwonyesha gharama ya harusi hiyo. Hukumu hii si ya bure. Hata hivyo ina kasoro moja kubwa, nayo ni kuipima hadithi kwa mwisho wake tu. Mfano unaofaa kulichunguza jambo hili ni hadithi fupi za mapenzi za picha zilizochapishwa Marekani kati ya mwaka 1947 na mwaka 1977, kwa maana ni vigumu kupata utanzu mwingine ulioshikilia mwisho mmoja kwa ukaidi kama huu: watu wawili wamekumbatiana katika mraba wa mwisho, na chozi limekauka.

Utanzu wenyewe una tarehe ya kuzaliwa. Toleo la kwanza la Young Romance, lenye tarehe ya Septemba–Oktoba 1947, lilitungwa na Joe Simon na Jack Kirby, watu wale wale waliokuwa wamembuni shujaa wa vita Captain America miaka michache kabla. Jalada lake lilitangaza kwamba gazeti lilikusudiwa wasomaji waliokomaa zaidi, na bei yake ilikuwa senti 10. Simon na Kirby hawakuanza na ukurasa mtupu. Walikuwa na kielelezo katika magazeti ya maungamo, hasa True Story, lililoanzishwa na Bernarr Macfadden mwaka 1919, ambamo mwanamke wa kawaida husimulia kosa lake kwa nafsi ya kwanza. Walichofanya ni kuyapa maungamo hayo uso. Gazeti lilinunuliwa kwa wingi, na wachapishaji wengine wakafuata mkumbo. Kufikia mwaka 1950 magazeti ya aina hii yalikuwa yamepita mia moja, na mengi yakafa upesi kwa kuwa soko lilikuwa limefurika.

Wakati wa kuzaliwa kwake nao hauna budi kutiliwa maanani. Katika Vita vya Pili vya Dunia mamilioni ya wanawake wa Marekani waliingia viwandani na maofisini. Mwaka 1945 wanaume walirejea, na wanawake wengi wakatakiwa kuziacha kazi hizo na kurudi jikoni. Kwa hiyo msichana wa hadithi hizi mara nyingi ni karani, muuguzi, mhudumu wa mkahawa au muuza duka: mtu mwenye mshahara wake, chumba chake na jioni zake. Swali linaloisukuma hadithi si nani atakayempenda tu, bali pia atabakiwa na nini akishapendwa. Swali hilo ni la kijamii hata pale linapovikwa gauni la dansi.

Kwa upande wa fani, jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kila mraba una sauti mbili za mtu mmoja. Maelezo yaliyo juu ya picha husemwa na mwanamke aliyekwisha kupita katika mkasa. Ni ya wakati uliopita, yana majuto, na yanajua yatakayotokea. Kiputo kilicho ndani ya picha husemwa na mwanamke yule yule kabla hajajua lolote. Juu anaungama kwamba alikuwa mpumbavu. Chini anacheka mikononi mwa mwanamume ambaye msomaji amekwisha kuonywa juu yake. Kejeli ya kimuundo inayotokana na pengo hili ndiyo taharuki ya hadithi. Msomaji haulizi kitakachotokea, maana ameambiwa. Anauliza itakuwaje msichana huyu afike pale juu anakosemea.

Kwenye pengo hilo hilo picha huongeza jambo ambalo maneno hayakuliagiza. Wino wa mchoraji huchangamka zaidi pale ambapo maelezo yanahuzunika zaidi. Msichana huchorwa akipendeza kuliko wakati wote katika usiku ule ule anaokosea, na mwanamume mwema atakayemwoa huchorwa akiwa safi, mpole na asiyesisimua. Mafunzo ya maneno na ushawishi wa picha havielekei upande mmoja. Mhakiki anayenukuu maelezo peke yake na kusema kwamba hadithi inahubiri utiifu atakuwa amesoma nusu ya ukurasa.

Pamoja na hayo, hiyo nafsi ya kwanza haifai kuaminiwa bila kuhojiwa. Watunzi na wachoraji wengi wa magazeti haya walikuwa wanaume, ingawa katika kampuni ya DC baadhi ya wahariri walikuwa wanawake, miongoni mwao Zena Brody, Phyllis Reed na baadaye Dorothy Woolfolk. Mara nyingi jina la mtunzi halikuchapwa kabisa. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atautambua uzito wa jambo hili akimkumbuka Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha ya ndoa karibu na mwaka 1858. Mtu anaweza kuyakubali mawaidha yale au kuyapinga, lakini anajua ni nani aliyeyatoa, kwa nani, na katika hali gani ya afya na umri. Katika hadithi za picha mnasihi ni kinyago. "Mimi" anayelia hana mama wala binti. Amebuniwa auzwe kwa senti 10 kwa msichana ambaye naye anatafuta wa kumnasihi.

Sasa uje mwisho wenyewe. Katika hadithi ya kurasa saba, mgogoro huchukua kurasa sita na zaidi, na suluhisho huchukua miraba miwili au mitatu. Mwanamume aliyedhaniwa ameondoka anatokea mlangoni. Barua iliyopotea inaonekana. Hasimu anakiri uongo wake. Wapo watakaosema kwamba huu ni udhaifu wa ploti, na ni kweli. Wapo watakaosema kwamba ni ada tu, kama ada ya kumalizia ngano, na kwamba hakuna msikilizaji wa ngano anayeipima kwa kule kuishi raha mustarehe kwa wahusika. Hoja hii ya pili ina nguvu, lakini haifiki mbali. Ngano humwingiza msikilizaji katika ulimwengu wa kubuni kwa mwito na mwitikio, na wote wawili wanajua mlango walioingilia. Maungamo ya picha yanadai kuwa ni mambo yaliyomfika mtu halisi. Ada inayokubalika katika ngano inageuka kuwa ushahidi wa uongo katika maungamo. Hapo ndipo lawama inapostahili kuwekwa: kosa si kwamba hadithi inaishia kwenye furaha, bali ni kwamba inaitoa furaha hiyo kama ushuhuda.

Kwamba utanzu haukulazimika kuwa hivyo kunathibitishwa na hadithi ambazo Dana Dutch aliitungia kampuni ya St. John, katika magazeti kama Teen-Age Romances lililoanza mwaka 1949. Msichana wa Dutch hutoroka usiku, hudanganya, hujaribu mapenzi ya mtu asiyemfaa, kisha hutumia akili yake mwenyewe kujua kwamba hamfai. Haangamizwi ili awe funzo kwa wengine. Kosa kwake ni njia ya kupata ujuzi, na mwisho wa hadithi, hata ukiwa na furaha, umetokana na uamuzi wa mhusika badala ya kubishwa mlangoni na bahati. Umbo ni lile lile na idadi ya kurasa haipishani sana. Kilichobadilika ni imani ya mtunzi juu ya akili ya mwanamke.

Nafasi hiyo haikudumu. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alitoa kitabu chake Seduction of the Innocent, na mwaka huo huo kamati ndogo ya Baraza la Seneti ikafanya vikao mjini New York kuhusu hadithi za picha na uhalifu wa vijana. Shabaha kuu ilikuwa hadithi za uhalifu na za kutisha, lakini zile za mapenzi hazikusalimika. Wachapishaji, wakiogopa sheria ya serikali, walijitungia kanuni zao wenyewe. Kanuni hizo ziliagiza kwamba hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya nyumba na utukufu wa ndoa, na kwamba talaka isifanyiwe mzaha wala isionyeshwe kuwa jambo la kutamanika. Tangu hapo mwisho uliokuwa ada ukawa amri. Picha nazo zikatulizwa, na lile pengo baina ya maelezo na kiputo likazibwa. Ukweli huu unawahusu wote wanaodhani kwamba fasihi hutakaswa kwa kupigwa marufuku: kanuni hazikuondoa kasumba katika hadithi hizi, ziliondoa ubishi uliokuwa ndani ya kasumba.

Suala la rangi halina budi kuguswa. Mchoraji aliyezipa uso hadithi nyingi za St. John alikuwa Matt Baker (1921–1959), Mmarekani mweusi, mmoja wa wachoraji hodari kabisa wa kizazi chake. Nyuso alizozichora katika hadithi hizo ni za wazungu. Katika ulimwengu huo mtu mweusi alikuwa na ruhusa ya kuchora machozi, lakini machozi yenyewe hayakuwa yake. Jaribio la wazi la kuivunja hali hiyo lilikuwa Negro Romance la kampuni ya Fawcett, lililotoka mara tatu tu mwaka 1950. Wahusika wake weusi walichorwa bila dhihaka, wakapewa wivu, hofu na matumaini yale yale ya wahusika wa magazeti mengine. Kwa msomaji wa leo hadithi hizo huenda zikaonekana za kawaida mno. Ukawaida huo ndio uliokuwa madai yao: haki ya kusimuliwa hadithi dhaifu ya mapenzi kama watu wengine wote.

Mwaka 1963 mchoraji Roy Lichtenstein alitoa Drowning Girl, mchoro ulio katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Asili yake ni picha ya Tony Abruzzo katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1962 katika toleo la 83 la Secret Hearts. Katika picha ya Abruzzo mpenzi wa msichana yupo nyuma, ameshikilia mashua iliyopinduka, na msichana anasema kwamba amebanwa na misuli lakini heri azame kuliko kumwita mwanamume huyo. Lichtenstein alimwondoa mwanamume, akaiondoa mashua, akabadilisha jina la mpenzi, akakifuta kile kisa cha misuli. Kilichobaki ni msichana anayezama kwa sababu ya kiburi kitupu. Kwa kukatwa hivyo, aliyekuwa akipambana na maumivu ya mwili na fedheha kwa wakati mmoja amegeuzwa kuwa kichekesho, na watazamaji wengi wamejifunza kuucheka utanzu mzima kwa mraba mmoja uliochezewa.

Tendo hilo lina mshabaha na uhakiki unaoihukumu fasihi pendwa kwa mstari wake wa mwisho. Wote wawili, mchoraji na mhakiki, hukata panapowafaa. DC ilipolifunga Young Love mwaka 1977, utanzu ulikuwa umekwisha kupitwa na vijana wasioamini tena maungamo yale, na si wengi waliouombolezea. Hukumu ya haki juu yake ni kwamba ulidanganya kuhusu suluhisho na ukasema kweli kuhusu tatizo. Mamilioni ya wasichana waliokuwa na mshahara wao walisoma, kurasa sita kwa sita, juu ya hofu ya kuupoteza uhuru na hofu ya kubaki nao peke yao. Uhakiki unaotaka kuwatumikia wasomaji wa namna hiyo, pawe Marekani au Afrika Mashariki, yaupasa kuzihesabu kurasa hizo sita kabla ya kutoa hukumu juu ya ule mraba wa mwisho.