KABONI SI HEWA UKAA

Apitaye leo katika soko la Darajani, Unguja, lililojengwa mwaka 1904, haoni daraja wala maji. Hata hivyo jina latokana na daraja lililovuka hori ya bahari iliyotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, hori ambayo baadaye ilifukiwa. Mahali pa namna hiyo siku hizi huitwa ardhi oevu. Istilahi hiyo yaeleweka, nasi hatuna ugomvi nayo. Tunalolipinga ni usemi unaoandamana nayo mara kwa mara, kwamba udongo wa ardhi oevu "huhifadhi hewa ukaa".

Hewa ukaa ni gesi: atomu moja ya kaboni iliyoungana na mbili za oksijeni. Mikoko, michu na mikandaa ya Ghuba ya Chwaka huivuta gesi hiyo kwa majani, ikatumia kaboni yake kujenga shina na mizizi. Majani yakipukutika na mizizi ikifa, huzama katika tope lililojaa maji. Humo oksijeni ni haba, uozo huenda polepole, na kaboni hulimbikizana kwa mamia ya miaka. Basi kilichomo topeni ni kaboni. Hewa ukaa hutokea pale tope linapokaushwa au kuchimbuliwa, oksijeni ikaingia na kuungana na kaboni hiyo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba tope limejaa hewa ukaa hataelewa kwa nini kulikausha kunadhuru.

Kosa hili lina gharama pia katika ofisi. Kwa uzito, kaboni ni 12 na hewa ukaa ni 44. Kwa hiyo tani 100 za kaboni ni sawa na takriban tani 367 za hewa ukaa. Wapimaji wa udongo aghalabu hutaja tani za kaboni, ilhali biashara yake, ambayo Tanzania Bara iliitungia kanuni mwaka 2022, huhesabiwa kwa tani za hewa ukaa. Mfasiri akiandika "tani 100 za hewa ukaa" mahali pa "tani 100 za kaboni", amekipunguzia kijiji kinachotunza mikoko karibu robo tatu ya hesabu yake.

Wapo watakaosema kwamba "ukaa" ni neno letu na "kaboni" ni la kukopa. Hoja hiyo haigusi kosa lenyewe, ambalo ni kulibebesha jina moja vitu viwili. Aidha, "kaboni" imekwisha kuzoeleka mashuleni.

Kwa hiyo twapendekeza: "kaboni" iwe jina la elementi, "hewa ukaa" libaki kwa gesi peke yake, tope lisemwe "hulimbikiza" kaboni, na "kuhifadhi" kuachwe kwa kazi ya watu wanaoilinda mikoko. Na afisa atakayeletewa tarakimu za tani bila kutajwa kilichopimwa, airudishe hati kwa mwandishi kabla ya kutia sahihi.